Ruhusa ya Siku Moja kwa Ajili ya Imani

Kama uko kwenye matatu unaelekea kazini, soma polepole. Kama uko hospitalini unalinda mgonjwa, Bwana akutie nguvu. Neno la leo ni refu kuliko la kila siku, kwa hivyo jimiminie chai kwanza.

Leo nataka tuzungumze juu ya Wakatoliki. Ndiyo, umesoma vizuri. Mimi ni mchungaji wa Kipentekoste. Nimeokoka, nabatiza kwa maji mengi, naamini kunena kwa lugha, na sina mpango wa kubadilisha hayo. Juu ya Papa, juu ya Maria na juu ya kuwaomba watakatifu waliolala, mimi na jirani yangu Mkatoliki hatusomi Maandiko kwa njia moja, na sitakuficha. Lakini Bwana Yesu alipotaka kumfundisha mwanasheria wa Kiyahudi maana ya jirani, alimwonyesha Msamaria (Luka 10). Alipotaka kuwaonyesha watu imani kubwa, aliwaonyesha akida wa jeshi la Kirumi (Mathayo 8). Mungu wetu hana shida kutufundisha kupitia mtu wa nyumba nyingine. Shida huwa ni sisi kukubali kufundishwa.

Somo la leo ni hili: kumngoja mgeni katika nchi ambayo haimngoji.

Tuanzie hapa kwetu ili tuelewane. Unakumbuka Novemba 2015? Papa Francis alitua Nairobi tarehe 25. Kesho yake, Alhamisi tarehe 26, serikali ikatangaza siku ya mapumziko, nchi nzima iombe. Misa ilifanyika katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mvua ilikuwa imenyesha, na watu walisimama kwenye matope tangu usiku. Tarehe 27 alienda Kangemi, kisha Kasarani kukutana na vijana, na huko akawaambia washikane mikono kuonyesha kwamba wanakataa ukabila. Mtaani kwetu kina mama wa jumuiya ndogo ndogo walishona sare wiki kadhaa kabla. Redio zilisema Papa, magazeti yalisema Papa, hata makondakta walisema Papa. Sisi ambao si Wakatoliki pia tulipata ofu.

Sasa nikuulize, mpendwa. Ni vigumu kumngoja mgeni namna hiyo? Barabara zimefungwa kwa ajili yake, bosi wako amefunga ofisi, jirani yako Mwislamu anakuuliza kama umepata pahali pa kusimama. Simdharau aliyelala kwenye matope, nguvu zake Mungu anazijua. Ninachosema ni kwamba wakati kila mtu anangoja, kungoja hakukugharimu jina lako. Hakuna anayekuona kama mtu wa ajabu.

Twende basi mwaka mmoja mbele, katika nchi ya Uswidi, ile wengi wetu tunaiita Sweden. Usichanganye na Uswisi ya benki na saa. Uswidi iko kaskazini kabisa ya Ulaya. Mwaka 2016 ilikuwa na watu karibu milioni 10. Zaidi ya nusu yao walikuwa bado wameandikwa katika Kanisa la Kilutheri la nchi hiyo, lakini Jumapili ya kawaida ni wachache mno wanaoingia ibadani. Kanisa wanalitumia kubatiza mtoto na kuzika mzee. Hawalichukii. Wamelizoea, vile mtu huzoea picha ya babu ukutani na asiitazame tena.

Ndani ya watu hao milioni 10, Wakatoliki walioandikwa walikuwa zaidi kidogo ya 100,000. Hiyo ni kama mtu mmoja katika kila mia. Nchi yote ilikuwa jimbo moja tu la Kikatoliki, jimbo la Stockholm, na askofu mmoja, Anders Arborelius. Huyu aliwekwa wakfu mwaka 1998, akawa Mswidi wa kwanza kuwa askofu Mkatoliki katika nchi yake tangu Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16. Kwetu Kenya majimbo ni zaidi ya 20. Yeye alikuwa peke yake kutoka kusini ya nchi mpaka kwenye theluji ya kaskazini. Na kundi lake, kwa sehemu kubwa, lilikuwa wageni na watoto wa wageni: Wapolandi, Wairaki, Wasiria, Wachile, Wavietnamu, Waeritrea. Yuko hata mlinzi wa usiku na mama anayeosha vyombo hotelini. Mahali pengine hawana jengo lao, wanaazima kanisa la Walutheri wakishamaliza ibadi yao.

Ngoja nikupe historia kidogo, kwa sababu inatugusa hata sisi. Zamani katika nchi hiyo, kuwa Mkatoliki lilikuwa kosa la jinai. Sheria ya mwaka 1617 iliruhusu hata kifo kwa Mswidi aliyegeukia Roma. Mwaka 1858 wanawake sita walifukuzwa nchini kwa sababu walijiunga na Kanisa Katoliki. Lakini usifikiri ni Wakatoliki peke yao walioteswa. Kuanzia mwaka 1726 hadi 1858 kulikuwa na sheria iliyokataza watu kukusanyika nyumbani kuomba na kusoma Neno bila mchungaji wa serikali. Unaelewa hiyo ni nini? Ushirika wetu wa Jumatano jioni, ule wa kwa Mama Fulani na chai ya tangawizi, ungekupeleka kortini. Uhuru kamili wa dini ulikuja kwa sheria ya mwaka 1951. Si zamani sana hivyo. Babu yangu alikuwa tayari mtu mzima.

Mimi huwa naitafakari historia hiyo na kuona jambo moja. Watu walilazimishwa kuingia kanisani kwa sheria, na leo wajukuu wao hawaingii hata kwa hiari. Polisi anaweza kukufikisha mpaka kwenye benchi la kanisa. Moyo wako hawezi kuukalisha hapo.

Sasa sikia. Januari 2016 ikatangazwa kwamba Papa Francis atakwenda Uswidi mwezi wa Oktoba. Wakatoliki wakafurahi, maana Papa wa mwisho kufika huko alikuwa Yohane Paulo wa Pili, mwaka 1989. Miaka 27! Kuna mtu alikuwa amezaliwa, akasoma, akaoa na akapata watoto, bila kumwona Papa katika nchi yake.

Lakini kulikuwa na jambo. Papa hakuwa anakuja kwa ajili yao. Alikuwa anakuja kwa Walutheri. Tarehe 31 Oktoba ndiyo siku inayokumbukwa kwamba Martin Luther alitoa hoja zake 95 mwaka 1517, na mwaka wa kuadhimisha miaka 500 ulikuwa unaanza. Shirikisho la Walutheri Duniani lilianzishwa mwaka 1947 katika mji wa Lund, huko huko Uswidi. Kwa hivyo Walutheri na Wakatoliki wakapanga kusali pamoja katika kanisa kuu la Lund, jengo lililowekwa wakfu mwaka 1145, wakati Waswidi na Wadenmark wote walikuwa bado chini ya Roma. Mpango wa kwanza ulikuwa huo tu. Misa kwa ajili ya Wakatoliki haikuwamo. Francis mwenyewe alieleza baadaye kwamba alitaka safari nzima iwe ya ushuhuda wa umoja.

Jiweke mahali pao. Baba yako anatoka mbali, miaka 27 hujamwona baba kuja kwako, na habari unayosikia ni kwamba anakuja kwa jirani, atakula kwa jirani, ataomba na jirani, na jioni anapanda ndege. Ungefanya nini? Mimi nawajua watu wa makanisa yetu. Wengine tungenuna. Wengine tungeanzisha kanisa jipya. Wangekuwako na wa kusema, "Kumbe sisi si kitu!"

Wale waliomba. Walimwomba awape Misa. Francis akafikiri juu ya wajibu wake kama mchungaji wa kundi hilo, akaongeza siku ya pili katika safari. Misa ikapangwa tarehe 1 Novemba 2016, Sikukuu ya Watakatifu Wote, katika uwanja wa mpira wa mji wa Malmö.

Hapa sasa ndipo habari hii iliponifikia mimi mchungaji wako.

Binti ya dada yangu yuko Uswidi, mji wa Göteborg. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee: anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Alilelewa katika ushirika wetu, aliimba kwaya, alijua kukesha. Alipofika huko, mwaka wa kwanza alitafuta kanisa kwa bidii. Mwaka wa pili zamu zikaanza kuangukia Jumapili. Mwaka wa tatu aliacha kunitumia yale mahubiri aliyokuwa akinitumia. Mama yake alikuwa akinipigia simu na kuniuliza, "Mchungaji, mtoto wangu bado anaomba?" Mzazi mwenye mtoto ng'ambo anaijua hiyo simu.

Oktoba hiyo akanipigia yeye mwenyewe, jioni ya saa mbili.

"Mjomba, Bwana asifiwe."

"Asifiwe sana, mama. Habari za huko?"

"Baridi. Mjomba, nataka kukuuliza kitu, na usikasirike."

Mtoto akianza hivyo, wewe kaa chini. Nikakaa.

Akanieleza kwamba kazini kuna mama wa makamo kutoka Iraki, Mkatoliki wa Kikaldayo, aliyekimbia vita. Mama huyo alikuwa anajiandaa kwenda Malmö kumwona Papa. Jioni anakwenda parokiani kufanya mazoezi ya nyimbo. Amejiandikisha kwenye basi. Anaungama. Amewasamehe ndugu wawili waliokosana naye tangu Iraki, amewapigia simu mmoja mmoja. Na tarehe 1 Novemba ilikuwa Jumanne. Kule Waswidi huadhimisha Watakatifu Wote siku ya Jumamosi, kwa hivyo Jumanne hiyo ilikuwa siku ya kazi kama Jumanne nyingine yoyote. Yule mama akaenda kwa msimamizi kuomba ruhusa.

Msimamizi si mtu mbaya. Aliuliza tu, "Ni daktari?"

"Hapana."

"Ni mtoto anaumwa?"

"Hapana. Nakwenda kusali."

Binti yetu alikuwa amesimama hapo na ndoo mkononi. Akaniambia, "Mjomba, chumba kilinyamaza. Hakuna aliyemcheka. Walimtazama tu, kama mtu aliyesema anakwenda mwezini. Na yeye hakuona haya. Alingoja jibu." Akapewa siku hiyo, bila malipo.

Baadaye, wakibadilisha shuka, yule mama akamwambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema kule kwao walikatazwa kusali kwa bunduki. Huku hakuna anayewakataza, ila hakuna anayeuliza. Na kwamba hiyo ya pili ndiyo inayotaka uangalifu zaidi, kwa sababu bunduki unaisikia ikilia.

Kisha akamwalika binti yetu waende pamoja. Ndilo swali alilonipigia. "Mjomba, niende?"

Mpendwa, usifikiri lilikuwa swali jepesi. Miaka miwili tu kabla, Machi 2014, Ulf Ekman, aliyeanzisha kanisa la Livets Ord huko Uppsala mwaka 1983, mhubiri wa imani ambaye jina lake lilijulikana mbali sana, alisimama mbele ya kanisa lake na kutangaza kwamba yeye na mke wake wanaingia Kanisa Katoliki. Wachungaji wengi tulishtuka. Nilijiuliza: nikimtuma huyu mtoto kwenye Misa ya Papa, nitamwambia nini dada yangu kama asiporudi? Na nikijiuliza upande wa pili: nikimkataza, ninamkataza aende Malmö ili abaki wapi? Jumanne hiyo asingekuwa ibadani. Angekuwa kazini au kitandani na simu. Imani yake haikuwa inaibiwa na Wakatoliki. Ilikuwa inakauka polepole, na hakuna adui aliyekuwa ameinua hata mkono.

Nikamwambia, "Nenda. Mambo tusiyokubaliana nao unayajua, nilikufundisha. Huna haja ya kufanya usichoamini. Lakini mtazame huyo mama. Jifunze anavyongoja."

Naye akasema, "Basi itabidi na mimi niombe ruhusa."

"Ndiyo. Na useme ni ya nini."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hiyo ndiyo ngumu, mjomba."

Aliiomba. Akaniambia mkono ulikuwa unatetemeka kama siku ya mtihani wa dereva.

Fungua Nehemia sura ya 2. Wengi tunampenda Nehemia wa ukuta, mwenye upanga mkono mmoja na kazi mkono mwingine. Lakini kabla ya ukuta kulikuwa na ruhusa. Alikuwa mfanyakazi katika nyumba ya mfalme, mnyweshaji, katika nchi ambayo haikuwa na habari na Yerusalemu wala haikuijali. Mfalme akamwona uso umekunjamana, akamuuliza kuna nini. Biblia inasema Nehemia aliogopa sana. Shujaa huyo, akaogopa! Akaomba kimoyomoyo pale pale aliposimama, kisha akafungua kinywa na kusema ukweli: mji wa baba zangu uko magofu, nipe ruhusa niende. Mfalme akauliza utachukua muda gani, naye akataja muda. Hakusema anaumwa tumbo. Hakusema ana mazishi. Alitaja kitu chenyewe.

Ukuta wote wa Yerusalemu ulianzia hapo, kwa mtu mmoja mwenye hofu aliyeomba ruhusa akiwa kazini.

Turudi Malmö. Tarehe 31 Oktoba, baada ya sala ya Lund ambapo Papa na Askofu Munib Younan, Mpalestina aliyekuwa rais wa Shirikisho la Walutheri, walitia sahihi tamko la pamoja, watu walikusanyika katika ukumbi wa Malmö Arena. Na unajua ni nani waliosimama kutoa ushuhuda? Alikuwako Marguerite Barankitse wa Burundi, aliyekusanya watoto yatima baada ya mauaji ya Ruyigi ya mwaka 1993 na kuwalea bila kuuliza ni Mhutu au Mtutsi. Alikuwako Rose Lokonyen, binti wa Sudan Kusini aliyekulia kambini Kakuma, hapa hapa kwetu, aliyebeba bendera ya timu ya wakimbizi katika Olimpiki ya Rio mwezi wa Agosti mwaka huo. Katika nchi tajiri iliyochoka kusikia habari za Mungu, waliosimama kusema ni wakimbizi kutoka upande wetu. Mungu ana njia zake.

Kesho yake, Jumanne, basi la kutoka Göteborg liliondoka saa kumi usiku. Binti yetu alikuwamo, na chapati zake kwenye mfuko. Watu zaidi ya 10,000 walikuwa uwanjani, katika baridi ya Novemba. Aliniambia kilichomgusa hakikuwa Papa, ambaye kutoka alikokaa alionekana mdogo kama kidole. Kilichomgusa ni watu wenyewe kwa wenyewe kuonana. Mapadre wanaohudumia sehemu kubwa kama mkoa mzima. Familia zinazosali peke yao katika mji mdogo wa kaskazini, watoto wao wakiwa Wakatoliki pekee shuleni. Walitazamana kama watu wa ukoo waliotawanyika wakikutana kwenye harusi. Alisema, "Mjomba, walikuwa wanashangaa kwamba wako wengi."

Na Papa aliwahubiria nini? Hakuwaambia warudi wakaitwae nchi. Aliwaambia juu ya watakatifu wasiojulikana, baba na mama na watu wa kawaida wanaoishi ubatizo wao kimya kimya kila siku. Akazungumzia heri za Mathayo 5, akazieleza kwa maisha ya leo: wanaoteswa na bado wanasamehe, wanaomtazama machoni aliyeachwa na kusogea karibu naye, wanaoacha raha yao ili kumsaidia mwingine, wanaoomba na kufanya kazi kwa ajili ya umoja wa Wakristo. Mtu anayemgeuza mzee kitandani saa tisa usiku aliambiwa kwamba Mungu anamwona. Kwa hilo, mimi Mpentekoste nasema Amina.

Sasa nakuja kwako, mpendwa. Sisi tukingoja mgeni, tunajiandaaje? Nabii akija kutoka nchi nyingine, tunakodi hema, tunatandaza zulia jekundu, tunatafuta jenereta, tunabandika mabango mpaka kwenye nguzo za stima. Si dhambi. Mgeni ni baraka. Lakini yule mama wa Iraki hakuwa na bango hata moja. Maandalizi yake yalikuwa matatu: aliungama, alisamehe ndugu zake, na alikiri mbele ya bosi kwamba anakwenda kusali. Hayo hayapigwi picha.

Na sisi tunasema kila Jumapili kwamba tunamngoja Mgeni mkubwa kuliko Papa yeyote. Tunasema Yesu anarudi. Papa Francis mwenyewe amelala, Aprili 2025, kama watu wote hulala. Lakini Yesu yu hai na anakuja. Wale wanawali kumi wa Mathayo 25 wote walikuwa na taa, wote walisinzia. Walitofautiana kwa mafuta, na mafuta ni kitu cha ndani ya chombo, hakuna anayekiona mpaka usiku wa manane.

Usiniambie Kenya si Uswidi. Najua. Hapa bado tunafungua mkutano wa chifu kwa maombi. Lakini watoto wetu wanaishi na simu mkononi, na simu haina mpaka. Ofisi yako ya Upper Hill au Westlands inaweza kuwa Uswidi ndogo. Hostel ya chuo kikuu inaweza kuwa Uswidi ndogo. Imani iliyozoea kubebwa na umati, siku umati ukienda nyumbani inabaki bila miguu.

Halafu kumbuka tuna deni kwa nchi hiyo. Wamisionari Wapentekoste wa Uswidi walifika Kongo miaka ya 1920, wakafika Tanganyika na Burundi miaka ya 1930. Dakta Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018 kwa kuwatibu wanawake waliobakwa vitani, ni mtoto wa mchungaji Mpentekoste, na hospitali yake ya Panzi ilisaidiwa na Wapentekoste wa Uswidi. Watu wa nchi ile walitoa watoto wao waje kwetu wakati hatujawaita. Leo sisi tunawatuma wetu kwao wakaogeshe wazee wao. Labda Mungu amewatuma na kazi nyingine ndani ya hiyo kazi. Labda mzee anayeogeshwa aliwahi kutoa sadaka ya misheni akiwa kijana. Tuwaombee watoto wetu walioko huko wasiwe na haya.

Wengi mtauliza binti yetu alikuwa nini baadaye. Hakuwa Mkatoliki. Wala hakuwa mwinjilisti wa kutikisa miji. Wiki mbili baada ya Malmö alirudi kwa msimamizi yule yule, akaomba awe na Jumapili mbili huru kila mwezi, akaeleza kwa nini. Akapewa. Anasali katika kanisa dogo la Kipentekoste la Waswidi. Mwanzoni alikuwa akielewa nusu ya mahubiri. Na yule mama wa Iraki bado ni rafiki yake. Wanasoma Zaburi pamoja wakati wa chai, kila mmoja kwa lugha yake. Dada yangu haulizi tena kama mtoto anaomba.

Wiki hii nakupa kazi tatu. Ya kwanza, msamehe mtu mmoja, na umpigie simu, usiishie kumsamehe moyoni. Ya pili, kama una mtoto au ndugu ng'ambo, usimuulize tu kama ametuma pesa. Muulize anasali wapi, na umsikilize bila kumhukumu. Ya tatu, mahali ambapo umekuwa ukidanganya kwamba unaumwa au una shughuli ili uende ibadani, safari hii taja kitu chenyewe. Sema, "Nakwenda kusali." Kama Nehemia, utaogopa. Omba kimoyomoyo, kisha sema.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa watu wako waliotawanyika katika nchi ambazo hazikuulizii. Wale wanaokungoja peke yao kazini, hostelini, hospitalini, waonyeshe kwamba wako wengi. Watoto wetu walioko mbali, uwashike mkono. Utupe mafuta ndani ya chombo, na kinywa kisichoona haya. Siku ile utakapokuja, utukute tuko tayari, hata kama mtaa mzima umelala. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Mungu akubariki, akulinde, akupe ruhusa mbele ya wafalme. Tuonane kesho asubuhi, Bwana akipenda.